Je, wajua kwa nini vitabu vikuukuu vya setilaiti bado vina wasomaji?

Mwongozo wa kompyuta wa mwaka 1985 leo ni wa kufungia karanga. Lakini kitabu cha kunasa matangazo ya setilaiti cha mwaka huohuo, fundi anayeipenda kazi yake akikikuta kwenye vitabu vya mtumba hakiachi. Vyote ni vya teknolojia, vyote vimezeeka. Mbona kimoja kimekufa na kingine kinapumua?

Jibu kubwa liko angani. Mwaka 1945 mwandishi Arthur C. Clarke alieleza katika jarida la Uingereza kwamba chombo kikiizunguka dunia juu ya ikweta, kwa kimo cha kilomita 35,786 hivi, kitakwenda sambamba nayo, na mtu aliye chini atakiona kimetulia palepale. Setilaiti huchakaa, zikaletwa nyingine, ila mstari huo wa ikweta haujasogea. Ukitaka kuelekeza ungo kwenye setilaiti iliyo nyuzi 36 mashariki, kanuni ya miaka ya 1980 itakupa jibu lilelile la leo: ukiwa Nairobi inua nyuzi 88, karibu utosini kabisa, ukiwa Dar es Salaam, nyuzi 81.

Umbo la ungo nalo halijabadilika. Tuseme umeuziwa ungo mkubwa wa duara, vile vyuma vya kushikia LNB (kile kifaa cha mbele ya ungo kinachopokea mawimbi) vimepotea. Utajuaje LNB ikae wapi? Vitabu vile vinakuambia: pima upana, uzidishe kwa wenyewe, kisha ugawanye kwa kina mara 16. Ungo wa sentimita 240 wenye kina cha sentimita 40 unakupa 57,600 kugawanya kwa 640, yaani sentimita 90 kutoka kitovuni. (Kwa vile vidogo vya masafa ya juu zaidi, yaitwayo Ku, ambavyo LNB yake hukaa upande wa chini, hesabu hii haifai.) Vinaeleza pia kwa nini ungo wa wavu unakamata vizuri C-bendi, yale masafa ya ungo mkubwa: wimbi la gigahezi 4 lina urefu wa sentimita 7.5, halipenyi matundu ya milimita chache.

Ila kwangu mimi utamu wa vitabu hivi uko kwa watu walioandikiwa. Mwaka 1975 setilaiti ya Marekani iitwayo ATS-6 ilisogezwa hadi nyuzi 35 mashariki, juu ya Kenya magharibi, ili irushe vipindi vya elimu kwa vijiji vya India. Huko Sheffield, Uingereza, mhandisi Steve Birkill akainasa kwa mtambo aliojiundia mwenyewe. Mwaka uliofuata Taylor Howard, profesa wa Stanford, akafanya vivyo hivyo na matangazo ya setilaiti ya Marekani, halafu akaandika mwongozo ili wengine nao wajenge. Hapakuwa na duka la kukimbilia, kwa hiyo mwandishi alilazimika kueleza kila kitu tangu mzizi: kelele ya umeme inatoka wapi, nguzo ikipinda kidogo inaharibu nini. Karatasi inayokuja na king'amuzi leo inakwambia ubonyeze kitufe usubiri. Kisipokamata, huna pa kuanzia.

Yako mengi yaliyokufa, tena bila shaka. Majedwali ya chaneli hayana maana. Sura za mitambo ya analogi zimebaki historia tu, na zile za kufungua matangazo yaliyofichwa, baada ya HBO, chaneli ya kulipia ya Marekani, kuyafunga Januari 1986, ni za kuchekesha.

Sura moja, lakini, imefufuka. Vitabu vya zamani vya Marekani vilitumia kurasa nyingi kuhusu minara ya simu iliyorusha mawimbi kati ya megahezi 3,700 na 4,200, masafa yaleyale ya C-bendi, ikaziba picha. Simu za mbali zilipohamia kwenye nyaya za kioo, sura hiyo ikawa ya kurukwa. Kisha mwaka 2020 serikali ya Marekani ikaamua megahezi 3,700 hadi 3,980 ziende kwa mitandao ya 5G. Mafundi wa huko sasa wanafunga vichujio mbele ya LNB, na ushauri wa kuuficha ungo nyuma ya ukuta ili usionane na mnara unasomwa upya.