Kibomu Kisicholipuka Hakijafa: Ufafanuzi Kuhusu Mabomu ya Mtawanyiko

Tangu Lithuania ijitoe rasmi katika Mkataba wa Mabomu ya Mtawanyiko, unaoyapiga marufuku, Machi 2025, maswali yanayotufikia sisi wateguaji wa mabomu yameongezeka. Wengi huamini kwamba majeshi yanayoitaka silaha hii hayajui yanachofanya. Yanajua vizuri sana.

Kombora moja la mzinga wa milimita 155, aina ya M483A1, hufunguka angani na kumwaga vibomu 88. Kila kimoja hutoboa deraya la juu la kifaru, ambalo ni jembamba, na kurusha vipande vya chuma kwa askari walio karibu. Msafara wa magari au askari waliotapakaa kwenye mahandaki, ambao ungehitaji makombora mengi ya kawaida, unapigwa kwa machache. Kwa jeshi lililopungukiwa makombora hilo si jambo dogo, na ndiyo maana Ukraine iliyaomba haya ya mtawanyiko, Marekani ikaanza kuyatoa Julai 2023. Urusi ilikuwa ikiyatumia huko tangu 2022.

Marekani ilisema kwamba kati ya vibomu ilivyotoa, visivyolipuka havizidi asilimia 2.35. Watu wakasikia wakatulia. Zidisheni basi: makombora 100 ya vibomu 88 ni vibomu 8,800, na asilimia hiyo ni zaidi ya 200 vinavyobaki ardhini, endapo vitaangukia pakavu na pagumu. Penye tope, theluji au miti huwa vingi zaidi. Kibomu chenyewe kina ukubwa wa betri nene ya tochi, na juu yake utepe wa nailoni unaozunguka hewani ili kufungua fyuzi, yaani kiwashio cha mlipuko. Utepe ukinaswa na tawi, kibomu huning'inia hapo, na mtoto hukiona kama kitu cha kuchezea.

Rangi nayo hudanganya. Afghanistan, 2001, vibomu vya Marekani aina ya BLU-97 vilikuwa vya njano, na vifurushi vya chakula vilivyodondoshwa na ndege vilikuwa vya njano pia, hadi ikabidi vifurushi vifanywe vya buluu.

Na kwa wanaouliza kama kibomu hupoteza nguvu kikizeeka: hapana, kutu haikipoozi. Laos ilimwagiwa vibomu zaidi ya milioni 270 kati ya 1964 na 1973. Vinavyokadiriwa kufikia milioni 80 havikulipuka, na hadi leo vinaua.

Kuhusu mkataba, ulioanza kutumika tarehe 1 Agosti 2010: unazifunga nchi wanachama tu. Marekani, Urusi, China na Ukraine hazimo. Mwanachama hupewa miaka 8 kuteketeza akiba yake na miaka 10 kusafisha ardhi yake. Akishindwa kusafisha kwa wakati, huomba nyongeza isiyozidi miaka 5. Ibara ya 9 inamtaka pia aweke adhabu za jinai kwa yeyote atakayekiuka ndani ya mamlaka yake.

Ukikiona kibomu, simama, rudi kwa nyayo zako zilezile, zuia wengine wasipite, utoe taarifa. Usikifunike, usikitupie jiwe. Hata sisi mara nyingi hatukiinui, tunakilipua palepale kilipo. Kwa hiyo tunaomba, kwa heshima zote, msikitie mfukoni kutuletea ofisini.