Nyumbu waliozama Mto Mara hawajaenda bure: dhana potofu kuhusu rutuba na nishati

Kila mwaka ikifika mwezi wa saba wa nane hivi zinaanza kuzunguka zile klipu za nyumbu wanavuka Mto Mara, wanajirusha toka kwenye kingo, wengine wanakanyagana, wengine mkondo unawabeba, na lazima utasikia mtu anauliza mbona pale hapajengwi hata daraja, nyama yote ile inapotea bure. Huruma hiyo naielewa kabisa. Ila nyuma ya swali kuna kitu ambacho wengi wetu tulitoka nacho shule kikiwa kimekaa vibaya. Tulichorewa majani, nyumbu, simba, mishale katikati, tukaamini kila kitu porini kinazunguka tu. Sio kila kitu. Ndani ya mwili wa yule nyumbu kuna mambo mawili yanayotembea tofauti kabisa: kuna nishati, ambayo inaingia toka juani, inapita mara moja, inaondoka, hairudi. Alafu kuna madini, yaani nitrojeni, fosforasi, kalsiamu na wenzake, ambayo hayana pa kwenda, yanapokezana humuhumu duniani toka mwili mmoja hadi mwingine. Watu wakichanganya hivi viwili ndo zinazaliwa dhana nyingi ambazo nazisikia mpaka leo, hata kwa watu waliosoma.

"Nyumbu akizama ni hasara tupu"

Kuna watafiti walikaa pale Mara wakahesabu mizoga, wakaunganisha na kumbukumbu za miaka ya nyuma, na matokeo yakatoka 2017. Katika miaka 15 waliyoiangalia, isiyopungua 13 ilikuwa na kuzama kwa wingi, na kwa wastani ni nyumbu 6,250 kwa mwaka, kama tani 1,100. Ukitaka kupata picha, ni kama kuutupia mto nyangumi wa bluu 10 kila mwaka. Mamba wanakula, lakini mamba akishashiba kashiba, anaacha. Wanakuja tai mzoga na korongo, wanakula wanaruka, na wakiruka wanahamisha rutuba ya mtoni kwenda nchi kavu, wengine mpaka kwenye viota vilivyo mbali kabisa na maji. Nyama iliyobaki inaoza ndani ya wiki 2 hadi 10. Samaki wanaila moja kwa moja.

Sasa mifupa. Mifupa ya nyumbu inachukua kama miaka 7 kuisha mtoni, na fosforasi karibu yote ya mzoga imo humo kwenye mifupa, kwa hiyo inatoka kidogokidogo, mwaka huu kidogo, mwakani kidogo, na juu ya mfupa wenyewe unaota utando wa ute wa bakteria na miani (vijimea vya majini) ambao samaki wanaendelea kuula miezi mingi baada ya nyama kuisha. Daraja lingeokoa hao 6,250 kati ya nyumbu kama milioni 1.3, hiyo ni chini ya nusu ya asilimia moja, alafu mto ungekosa chakula ulichozoea kupata. Kwangu mimi hapo hesabu imeshafungwa.

"Nishati nayo inazunguka, simba anakufa anakuwa majani, majani yanarudi kuwa nyumbu"

Hii ndo kubwa, naomba nikae nayo.

Chukua jiko la mkaa. Umewasha, umechemsha maharage masaa matatu, mkaa umeisha. Joto liko wapi? Limeingia kwenye sufuria, kwenye hewa ya jikoni, kwenye ukuta, na usiku limepanda likaenda zake angani. Huwezi kulikusanya ukapikia tena kesho. Lakini jivu lipo, limebaki palepale chini ya jiko, unaweza kulichota ukalipeleka bustanini. Joto ndo nishati, jivu ndo madini. Tumbo la nyumbu, mwili wa simba, mbawakawa aliye ndani ya mavi, wote ni majiko ya namna hiyo, yanawaka polepole tu.

Majani yenyewe yanakamata kama asilimia 1 tu ya mwanga wa jua unaoyapiga, wakati mwingine hata chini ya hapo, na sehemu kubwa ya hicho kidogo majani yanaitumia yenyewe kuishi. Nyumbu anakula yaliyobaki. Kinachomshinda kusaga kinatoka kama mavi, na kile anachosaga, karibu chote kinaisha kwa kuupa mwili joto, kutembea mamia ya kilomita, kukimbia fisi. Kinachogeuka kuwa nyama mpya ni kiduchu sana. Mtafiti Raymond Lindeman alipochunguza ziwa dogo kule Minnesota na kuandika kazi yake ya 1942 ndo tulipata msingi wa ile hesabu ya asilimia 10 ya nishati kutoka ngazi moja ya kulana kwenda ya juu yake, yaani majani kwenda nyumbu, nyumbu kwenda simba, ila hiyo 10 ni wastani wa kukumbukia tu, sio sheria, kwa wanyama wenye damu ya joto inashuka chini ya hapo sana. Ndo maana Serengeti ina nyumbu zaidi ya milioni moja na simba kama 3,000 tu. Simba wangekuwa 100,000 kusingekuwa na kitu cha kuwaendesha, jua lililobaki likifika ngazi yao ni dogo mno.

Na hapa kuna dhana ndani ya dhana, mtu anakwambia ile asilimia 90 "inapotea" kila ngazi. Haijapotea yote hivyo. Sehemu nzuri iko kwenye mavi, kwenye majani makavu yasiyoliwa, kwenye mizoga, na inaliwa na mchwa, mbawakawa, kuvu na bakteria. Tulifundishwa kuwaweka hawa pembeni ya mchoro kama wafagiaji wakati porini sehemu kubwa ya nishati ya majani inapitia kwao wala haifiki kwa nyumbu.

"Mmea unakula udongo"

Hii niliiamini mimi miaka mingi kwa sababu inaonekana kabisa, mti unasimama kwenye udongo, mizizi iko kwenye udongo, udongo ukichoka mti unadumaa. Mwanasayansi wa zamani wa Ulaya, Jan Baptist van Helmont, kazi yake ikachapishwa 1648, alipanda mche wa mti kwenye chombo chenye udongo alioupima, akamwagilia maji miaka 5. Mti uliongezeka zaidi ya kilo 70. Udongo ulipungua gramu kama 57 tu. Akasema basi mti umetengenezwa na maji, na hapo akakosea, maana sehemu kubwa ya mwili wa mti ukishakauka inatoka hewani, kwenye hewa ya ukaa, ambayo ni kama asilimia 0.04 tu ya hewa yote, ila jani linaikamata na kwa nguvu ya jua linaijenga kuwa sukari, na sukari kuwa mbao.

Rudi kwenye lile jiko. Gunia zima la mkaa linaacha jivu la kujaza ndoo tu, na hilo jivu ndo karibu kila kitu kilichotoka ardhini kikabaki. Mengine yote yalitoka hewani na yamerudi hewani. Lakini usije ukasema basi udongo sio muhimu, hilo jivu dogo ndo lilikuwa linaamua kama mti unakua au haukui.

Wale wanaosema misitu kama ya Kongo au Amazon ni mapafu ya dunia kwa maana inatutengenezea oksijeni, nao wako hapahapa: msitu mkongwe unatoa oksijeni nyingi mchana lakini miti yenyewe pamoja na kuvu na bakteria wanaoozesha majani chini wanaitumia karibu yote. Sababu za kuilinda hiyo misitu zipo nyingi, mvua, kaboni iliyofungwa mule, viumbe vyake, oksijeni sio mojawapo.

"Hewa imejaa nitrojeni, na ukipanda maharage mahindi ya pembeni yanashiba"

Kweli hewa ni asilimia 78 nitrojeni, lakini atomu zake mbili zimeshikana kwa nguvu ambayo mmea hauna uwezo wa kuiachanisha. Kwa hiyo mahindi yanaweza kuwa ya njano kwa njaa ya nitrojeni huku yamezungukwa nayo pande zote. Wanaoweza ni bakteria fulani, na wanaokaa kwenye vinundu vya mizizi ya jamii ya kunde ndo maarufu kwa wakulima. Ng'oa kunde, kipasue kinundu: kikiwa chekundu au cha pinki ndani kinafanya kazi, kikiwa cheupe au kijani hamna kitu.

Ila maharage hayatoi nitrojeni kama bomba linalovuja mahindi yakinge. Nyingi inaingia kwenye mmea wenyewe na sehemu kubwa inaishia kwenye punje, na punje umezivuna umezipeleka sokoni. Maharage ya kawaida tena ni wavivu wa kazi hii, kunde na mbaazi wanayashinda. Faida kwa mahindi inakuja zaidi msimu unaofuata na inakuja kama mabaki, yaani majani na mizizi, yamebaki shambani yakaoza. Ukiyachoma umejimaliza, kwa sababu nitrojeni ni ya kwanza kuondoka na moshi, fosforasi na potasiamu na kalsiamu ndo zinabaki kwenye jivu. Ule ukijani unaouona baada ya moto na mvua ya kwanza ni wa kweli, ila kila mwaka ukichoma akiba inazidi kushuka.

"Nyumbu wanafuata majani mengi tu"

Kama ingekuwa hivyo wasingerudi kusini kabisa. Kaskazini, upande wa Mara, kuna mvua zaidi na majani marefu. Kusini kwenye zile nyanda za Ndutu majani ni mafupi na maji yakikata yamekata. Lakini udongo wa kule ni majivu ya volkano yaliyopeperushwa toka nyanda za juu za Ngorongoro na toka Ol Doinyo Lengai, mlima ambao Wamaasai wanauita Mlima wa Mungu na ambao ulilipuka tena 2007 hadi 2008. Majani yaliyoota juu ya majivu hayo yana kalsiamu na fosforasi nyingi, na jike anayenyonyesha anahitaji hayo hasa, maana anatengeneza maziwa na ndama anajenga mifupa. Wanazaa huko, mwezi wa pili hasa, ndama wengi sana ndani ya wiki tatu hivi. Alafu ikifika kiangazi wanabeba hayo madini kwenye miili yao wanaenda nayo kaskazini, na baadhi yake yanaishia kwenye ile mifupa mtoni. Yaani jivu la mlima wa Tanzania linamlisha samaki upande wa Kenya, na aliyelibeba ni nyumbu.

"Rutuba ikizidi ndo vizuri zaidi"

Hapana. Mto Mara una viboko zaidi ya 4,000, usiku wanatoka kula majani nchi kavu, mchana wanarudi majini wanakunya, na ikapimwa kwamba kwa siku wanaingiza kama kilo 36,000 za mavi. Maji yakiwa yanatembea hiyo ni neema. Kiangazi yakituama kwenye madimbwi, bakteria wanaoozesha hayo mavi wanamaliza oksijeni, na mvua ikija kusukuma uchafu wa madimbwini kwenda chini, samaki wanakufa kwa wingi. Hapo hamna kiwanda wala mtu, ni viboko tu. Ziwa Victoria ni habari hiyohiyo ila sisi ndo tunaoingiza, mbolea na udongo toka mashambani, maji taka toka mijini, na gugu maji lililosambaa miaka ya 1990 lilikuta meza imeandaliwa.

"Simba ndo anaendesha mbuga"

Simba ana nafasi yake, lakini angalia kilichotokea na sotoka. Ugonjwa wa ng'ombe ulioingia Afrika Mashariki karibu na 1890, ukaua ng'ombe wa wafugaji na nyumbu pia, na ukaendelea kuwashika nyumbu kwa miongo. Wakati chanjo ya ng'ombe inaanza kufanya kazi kwenye miaka ya 1960 mwanzoni nyumbu walikuwa kama 250,000. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walishafika milioni 1.3, na mtu hakumchanja nyumbu hata mmoja, walichanjwa ng'ombe tu. Majani ambayo zamani yalibaki makavu yakaungua kila kiangazi sasa yaliingia tumboni. Moto ukapungua, miche ya miti ikapata nafasi ya kuvuka urefu wa kuungua, miti ikaongezeka, na ikapigwa hesabu kwamba Serengeti ikatoka kwenye kutoa kaboni hewani ikawa inaifunga. Nishati ya majani yale ilikuwa inaondoka vyovyote vile, iwe kwa moto iwe kwa tumbo la nyumbu, ila kwa moto nitrojeni iliondoka nayo kama moshi, na kwa nyumbu inashuka kwenye mavi, mbawakawa anaizika chini, na majani yanaikuta hapohapo mvua zikianza. Sotoka yenyewe ilitangazwa kuisha duniani 2011.