Kuacha mafuta hakuiui saratani ya ini kwa njaa

Tangu kampeni ya Siku ya Homa ya Ini Duniani, tarehe 28 Julai, simu ya maabara yetu haitulii. Wachache ndio wanaouliza pa kupimwa. Wengi wanataka kujua kama ni kweli kwamba mgonjwa akiacha mafuta, seli za saratani ya ini hufa njaa. Si kweli. Nalieleza kwa urefu kwa sababu wanaoamini hivyo wanatufikia wakiwa wamejinyima hadi hawawezi kupanda kitanda cha vipimo.

Mmoja alikuwa nyanya kutoka Likoni, ameletwa na mjukuu wake. "Mwanangu," akaniambia, "tui nimeacha, samli nimeacha, hata samaki wa kupaka simgusi. Mbona uvimbe haupungui?" Nikamuuliza anakula nini. Mjukuu akajibu kwa niaba yake: uji mwepesi wenye sukari nyingi, na soda ya kumtia nguvu, asubuhi na jioni.

Ini lenyewe ni kiwanda cha mafuta. Sukari ikizidi mahitaji ya mwili, ini huivunja kuwa vipande vidogo vya kaboni mbili, kisha vimeng'enya vyake, yaani protini zinazoendesha kazi za kikemia mwilini, huviunga, mbili juu ya mbili, mpaka ipatikane asidi ya mafuta yenye kaboni 16. Homoni ya insulini ndiyo inayotoa amri. Seli yenye afya huitii amri hiyo kwa kiasi. Lakini katika vivimbe vingi vya saratani ya ini, kile kimeng'enya kikuu cha kuunda mafuta, ambacho watafiti hukiita FASN, hufanya kazi kupita kiasi. Na sababu yake ni wazi: seli inayogawanyika bila kukoma inahitaji utando mpya kila mara, na utando wa seli hujengwa kwa mafuta. Yanayobaki huwekwa ndani ya seli kama matone, akiba ya kuchomwa siku nishati nyingine ikipungua.

Kwa hiyo yule nyanya aliondoa samli mezani, lakini malighafi ya kiwanda akaendelea kuipeleka kwa kijiko cha uji. Hata angeacha uji pia, seli za saratani hufyonza mafuta kutoka kwenye damu. Mtu akishinda na njaa, mwili huyeyusha mafuta yake ya chini ya ngozi na kuyapeleka kwenye ini, na misuli nayo huanza kuliwa. Anayekonda ni mgonjwa, si uvimbe.

Vivimbe navyo havifanani. Vyenye hitilafu katika jeni ya beta-katenini, protini inayoamrisha ukuaji wa seli, hupendelea kuchoma mafuta, na havitegemei sana kuyaunda. Huwezi kulijua hilo kwa kumtazama mtu, wala kwa video ya dakika mbili. Dawa za kuzuia FASN zinafanyiwa utafiti, lakini hazijawa tiba ya kawaida ya saratani ya ini. Anayekuuzia unga wa majani kwa jina la "kizuia mafuta ya saratani" anakuuzia unga wa majani.

Tofautisha hilo na ini la mafuta, yaani ini ambalo zaidi ya asilimia 5 ya seli zake zimejaa matone ya mafuta kabla ya saratani yoyote. Hapo chakula kina kazi kubwa. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2005, uliofuatilia asili ya mafuta hayo kwa wagonjwa, ulikuta kama asilimia 59 yametoka kwenye akiba ya mwili, 26 yameundwa na ini lenyewe, na 15 tu yametoka moja kwa moja kwenye mafuta yaliyoliwa. Nawasihi muisome mara mbili hesabu hiyo. Mtu anakamua mafuta ya bhajia kwa karatasi, kisha anateremshia kwa soda mbili na sahani ya kaimati zinazoogelea shira. Aliye mnene akipunguza asilimia 7 hadi 10 ya uzito wake, pole pole, ini hupata nafuu inayoonekana. Kwa mtu wa kilo 90 ni kilo 6 hadi 9. Kukonda kwa pupa huweza kulidhuru ini na kuleta mawe ya nyongo.

Nikitaja mawe, wapo wanaokunywa mafuta ya zeituni na ndimu usiku "kusafisha ini", na asubuhi wanatuletea kwenye chupa ya jemu vidonge vya kijani wakidai ni mawe. Jiwe la nyongo haliyeyuki kwa joto dogo. Vidonge hivyo ukivipasha hadi nyuzi 40 huwa mafuta tena: ni sabuni iliyojitengeneza tumboni kutokana na yale mafuta uliyokunywa. Tafadhali, msituletee tena.

Sasa utaratibu, kwa kuwa hapa ndipo wengi wanapopoteza siku. Anayekuja kupigwa picha ya ultrasaundi ya ini asile kwa saa sita hadi nane. Chai ya maziwa ni chakula. Mahamri moja ni chakula. Ukila, kifuko cha nyongo hujikunja, gesi huziba njia, na utapangiwa tarehe nyingine hata kama umevuka feri alfajiri. Dawa za kisukari na za kuyeyusha damu usiziache wala usizimeze kwa kukisia. Muulize daktari aliyekutuma.

Kwa sampuli ya nyama ya ini, chombo kiwe na formalini, yaani dawa ya kuhifadhi sampuli, ya asilimia 10, mara kumi ya ujazo wa sampuli. Jina na namba ya mgonjwa viandikwe ubavuni mwa chombo, kamwe si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana. Fomu na chombo vikitofautiana, sampuli haipokelewi. Isiyo na jina hatuitupi, lakini haisomwi mpaka daktari aliyeitoa aje mwenyewe, aitambue na kutia sahihi. Mgonjwa ndiye anayesubiri.

Na kama daktari anataka tuyaone mafuta yenyewe, atuarifu kabla. Utayarishaji wa kawaida hupitisha nyama kwenye spiriti na zailini, na mafuta yote huyeyuka. Chini ya hadubini unabaki na matundu meupe ya mviringo, kama ya vibibi vilivyoiva. Tukigandisha kipande kwa baridi kali na kukitia rangi maalumu, matone hubaki mahali pake, mekundu kama punje za komamanga. Mara ya kwanza nilipoyaona yamejaa ndani ya seli za uvimbe, nilielewa kwa nini hazikosi cha kula.

Chanzo kikubwa cha saratani hii kwetu bado ni homa ya ini B. Chanjo iliingia kwenye ratiba ya watoto wachanga Kenya mwaka 2001. Aliyezaliwa kabla ya hapo asidhani amechanjwa. Apimwe, na asiye na virusi wala kinga achanjwe mara tatu kwa miezi sita. Mahindi yaliyoota ukungu yasisagwe hata kwa kuchanganywa na mazuri, kwa kuwa sumu ya ukungu huo, aflatoksini, nayo huleta saratani ya ini na haiondoki kwa kupikwa. Mwenye makovu ya ini apigwe ultrasaundi kila miezi sita, hata akijihisi mzima.

Yule nyanya tulimkabidhi kwa mtaalamu wa lishe. Mwenye makovu ya ini kama yeye huhitaji gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na yeye hakuwa anafika hata nusu. Akaandikiwa mayai, maharagwe, samaki, na kitafunio kabla ya kulala. Jioni mjukuu akapiga simu: nyanya anauliza, huyo samaki anaruhusiwa kumpaka tui? Nikamwambia ampake.