Watoto wa makao si wote yatima

Kuna hii dhana, hasa kwa mavolontia wanaotoka Ulaya na Marekani kuja Kenya kukaa kwenye makao ya watoto ya kanisa, kwamba kila mtoto pale hana mtu. Si kweli. Wengi wana mzazi angalau mmoja hai, ama nyanya, ama shangazi, kilichowaleta ni umaskini, karo, au ahadi ya shule nzuri.

Mimi nimepika kwenye makao kama hayo huku Pwani miaka minne, nilikuwa namwona mama mmoja anakuja Jumapili na mahamri kwenye mfuko, anakaa chini ya mwarobaini na mwanawe, halafu wageni wakifika anaambiwa asogee kando kidogo. Niliona haya mimi.

Na ile ya mtoto kumrukia mgeni dakika ya kwanza tu, watu wanasema ooh ana upendo. Mtoto aliyezoea mlezi mmoja kwanza hujificha nyuma ya leso ya mamake jamani, huyu anashika yeyote kwa sababu wiki mbili tu mgeni kapanda ndege, anakuja mwingine na gitaa na nyimbo zilezile. Ukuta wa darasa ulipakwa rangi na wageni hao mara tatu mwaka mmoja, na fundi wa mtaani amekaa bila kazi!

Serikali yenyewe ilisimamisha usajili wa makao mapya Novemba 2017, na mkakati wake wa 2022 hadi 2032 unataka watoto walelewe kwenye familia. Basi kama una nauli ya ndege, mlipie mtoto karo akiwa kwao.