Chai ya atemisia si dozi ya malaria

Wiki hii tena. Mama kaingia na chupa ya chai ya atemisia mkononi, mtoto mgongoni anachemka, kipimo cha haraka cha malaria kina mistari miwili, yaani anayo. "Dokta, si dawa yenu imetoka kwenye mmea huuhuu? Kwa nini nisimpe majani?" Swali ni la haki. Kinachonichosha ni kwamba wauza majani wanasimulia nusu tu ya habari.

Nusu hiyo ni kweli. Atemisinini, kiini cha dawa zetu za malaria, ilitolewa kwenye mmea wa Artemisia annua na kundi la Tu Youyou nchini China mwaka 1972, naye akapata Nobel mwaka 2015. Nusu inayofichwa ni kuwa moto ndio uliomkwamisha. Alirudi kwenye maandishi ya Ge Hong ya karne ya 4, yanayosema majani yalowekwe, yakamuliwe, maji yake yanywewe. Hakuna kuchemsha. Akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzijoto 35 hivi, na dawa ikatoka na nguvu zake.

Chai si maji matupu, nisieleweke vibaya. Lita moja ya chai ya gramu 9 za majani iliwahi kupimwa ikakutwa na miligramu 94 hivi za atemisinini. Dozi ya kawaida ya mtu mzima ni 500 kwa siku. Kiasi hicho kidogo chaweza kushusha homa, na hapo ndipo watu wanapopotea: homa ikishuka, wanahesabu wamepona. Atemisinini inaua vimelea kwa kasi, lakini baada ya saa chache imeshapungua sana kwenye damu. Ndiyo maana dawa yetu inaitwa mseto. Ndani yake atemetha, inayotengenezwa kutokana na atemisinini, inaambatanishwa na dawa nyingine, lumefantrini, ambayo hukaa siku kadhaa ikivimaliza vilivyosalia. Kwenye chai, vilivyosalia vinaachwa vizaane, na wiki mbili tatu baadaye homa imerudi.

Halafu kuna Artemisia afra, nayo inaitwa atemisia hiyohiyo. Atemisinini yake ni kidogo mno au haipo kabisa.

Nakiri mjadala haujafungwa. Jani lina viambata vingine vingi, na kwa panya atemisinini ya jani zima imefyonzwa vizuri kuliko ikiwa peke yake. Nimeona pia watu wazima waliokunywa chai wakainuka. Lakini aliyekulia kwenye malaria ana kinga kiasi, na siwezi kuapa kilichomwinua ni chai. Mtoto wa miaka miwili bado hana kinga hiyo, na malaria yake yaweza kugeuka kali ndani ya siku moja.

Yule mama nilimpa mseto: dozi sita, siku tatu. Ya kwanza mtoto kaimeza palepale na maziwa, maana lumefantrini bila mafuta haifyonzwi vizuri. Ya pili ni baada ya saa 8, usiku, hata kama amelala. Nikamwandikia muda huo kwenye boksi kwa kalamu nyekundu.