Je, Wajua Kwa Nini Jinzi Haifai Kupandia Mlima Kenya?

Kila kiangazi, yaani Januari na Februari na tena kuanzia Julai hadi Septemba, makundi ya wakazi wa Nairobi huelekea Nanyuki, Naro Moru na Chogoria ili kupanda Mlima Kenya. Wengi wao wamekwisha kujipima kwenye vilima vya Ngong na Mlima Longonot, na huko wamezoea kutembea wakiwa wamevaa jinzi, fulana ya pamba na sweta. Kiongozi wa msafara anapokagua mizigo yao, nguo hizo ndizo huwa za kwanza kuwekwa kando. Ni haki yao kuuliza sababu. Jinzi, ambayo nayo hufumwa kwa pamba, ni nguo nzito, na pamba tumeambiwa tangu utotoni kuwa ndiyo nguo bora. Basi mbona zikataliwe mahali penye baridi?

Jibu liko kwenye maji, hasa yale yanayotoka mwilini mwa mpandaji mwenyewe. Nguo haitengenezi joto. Kazi yake ni kuizuia isiondoke ile hewa iliyopashwa moto na ngozi. Uzi wa pamba hunywa maji hadi ndani yake, na nafasi zilizokuwa zimeshika hewa hujaa maji pia. Kwa kuwa maji hupitisha joto takriban mara 25 zaidi ya hewa tulivu, fulana iliyolowa jasho hugeuka kuwa njia ya kulitoa joto la mwili badala ya kulihifadhi. Isitoshe, maji yanapokauka hunyonya joto jingi: lita moja ikikauka juu ya ngozi huchukua takriban kilokalori 580, nazo ni nishati ambayo mpandaji aliyechoka anaihitaji sana. Nyuzi za poliesta, kwa upande wake, hunyonya maji kidogo mno, chini ya asilimia moja ya uzito wake, hivyo jasho hupita katikati yake na kutoka nje. Sufu hunyonya unyevu mwingi, hadi karibu theluthi ya uzito wake, lakini nyuzi zake zilizojikunja haziporomoki zikilowa, ndiyo maana soksi ya sufu huendelea kutia joto hata ikiwa na unyevunyevu.

Jambo hili linaweza kuthibitishwa nyumbani kabla ya safari. Fua fulana ya pamba na jezi ya poliesta ya kuchezea mpira jioni, zikamue sawasawa, uzianike zote mbili ndani ya nyumba, kisha uziguse kabla ya kulala. Jezi itakuwa imekaribia kukauka, hali fulana ingali nzito na baridi kwenye pindo na makwapa. Jezi hiyohiyo, ambayo hupatikana kwenye masoko ya mitumba ya Gikomba au Toi jijini Nairobi kwa bei ndogo, ni vazi zuri kabisa la kukaa karibu na ngozi mlimani, na mtu asidanganywe kwamba lazima anunue vazi la bei ghali ili afike kileleni. Kinachofaa kutazamwa kwenye mitumba ni ile lebo ndogo ya ndani: ikitaja pamba kwa asilimia kubwa, nguo hiyo ibaki Nairobi.

Ngong haitufundishi somo hili kwa sababu ya kimo chake. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Ngong hufikia karibu mita 2,460 tu, lakini kilele cha Lenana, ambacho wapandaji wengi hukilenga kwa kuwa hakihitaji kamba, kiko mita 4,985. Hewa hupata joto lake hasa kutoka ardhini. Inapopanda, shinikizo hupungua, hewa hutanuka, na katika kutanuka huko hupoa. Kwa wastani halijoto hushuka kwa nyuzi 6.5 za Selsiasi kila mita 1,000. Alfajiri ya Nairobi ikiwa na nyuzi 12, hesabu hiyo inaipa Lenana takriban nyuzi 9 chini ya sifuri, kabla hatujauhesabu upepo. Oksijeni nayo huko juu ni kama nusu tu ya ile ya pwani, hivyo misuli haiwezi kufanya kazi kwa kasi ya kawaida, na misuli inayofanya kazi polepole hutoa joto kidogo.

Mchana mambo hubadilika kabisa, na hapa ndipo mtego ulipo. Jua la ikweta hupita kwenye hewa nyembamba na kumfanya mpandaji atokwe jasho ilhali usiku uliopita maji yaliganda. Mimea ya huko imejipanga kwa maisha hayo: senesio wakubwa wa Bonde la Teleki hawaangushi majani yao makavu, bali huyaacha yalizunguke shina na kulikinga dhidi ya baridi ya usiku. Binadamu hana budi kufanya vivyo hivyo kwa tabaka anazoweza kuzivua na kuzivaa: jezi au fulana ya sufu karibu na ngozi, sweta la flisi juu yake, na koti lisilopitisha maji wala upepo. Anayejua kupanda huanza safari akihisi baridi kidogo, hupunguza nguo kabla jasho halijamtoka, na huvaa koti mara tu anaposimama, bila kusubiri atetemeke.

Koti la mvua likae juu kabisa ya shanta, kwani hata wakati wa kiangazi mawingu hupanda mabondeni na mara nyingi huufunika mlima alasiri. Chini kabisa liwekwe fungu moja la nguo kavu, yaani soksi, suruali na fulana ya mikono mirefu, ambalo halitaguswa mpaka wakati wa kulala. Binafsi naliona fungu hili kuwa muhimu kuliko kitu kingine chochote mzigoni. Kutoka kambi ya Shipton, iliyo mita 4,200, watu huanza kukipanda kilele saa tisa za usiku hivi, na aliyelala na nguo zenye jasho huondoka akiwa amekwisha kupoteza nguvu.

Mengine ni mepesi kueleza. Mfuko wa kulalia bila godoro jembamba la sponji haumfai mtu, kwa sababu sehemu inayolaliwa hubonyea, hewa yake hutoka, na ardhi hunyonya joto kutoka chini. Betri za simu na za tochi ya kichwani hupungukiwa nguvu kwenye baridi, kwa hiyo zilale pamoja na mwenyewe. Chupa ya maji ibebwe kifuniko kikiwa chini, kwa kuwa barafu huanzia juu ya maji, na kwa njia hiyo mdomo wa chupa hauzibi. Miwani ya jua, mafuta ya kukinga ngozi, glavu na kofia ya marvin, ile ya kufumwa inayobana kichwa, si mapambo.

Tangu Juni 5, 2020, plastiki za kutumiwa mara moja haziruhusiwi katika hifadhi za Kenya, hivyo chupa iwe ya kudumu, na nguo zifungwe kwenye mifuko ya turubai au ya nailoni isiyopitisha maji badala ya ile myembamba ya kutupwa.

Mfuko wa kulalia na koti zito la manyoya ya bata vinaweza kukodiwa, na kwa mtu wa safari moja hakuna haja ya kuvinunua. Viatu, kinyume chake, viwe vya mwenyewe na viwe vimekwisha kuuzoea mguu, maana lengelenge likitokea siku ya kwanza hakuna nguo itakayolitibu. Hapo ndipo Ngong na Longonot zinafaa kweli: viatu vivaliwe huko, pamoja na soksi zilezile zitakazopanda mlimani, wiki kadhaa kabla ya safari.