Mashine ya kurusha theluji: maana yake, na kwa nini kuzima injini peke yake hakutoshi

Mashine ya kurusha theluji ni mtambo wa kuongozwa kwa mikono, wenye injini ndogo ya petroli, unaozoa theluji iliyolala chini na kuirusha kando kupitia bomba linalogeuzwa upande unaotaka. Majumbani ni chombo cha kawaida Kanada, kaskazini mwa Marekani na kaskazini mwa Japani, ambako mtu anaweza kuamka akakuta theluji imemfika magotini mbele ya mlango. Wazo lenyewe lilianzia kwenye reli: mwaka 1869 daktari wa meno wa Toronto, J. W. Elliott, alipata hataza ya gurudumu la kuzungusha la kufyeka theluji mbele ya garimoshi. Mashine ya barabarani ilikuja na Arthur Sicard wa Quebec mwaka 1925, na miaka miwili baadaye akauza ya kwanza kwa mji wa Outremont. Hizi ndogo za nyumbani zilifuata.

Utasikia zikiitwa za hatua moja au za hatua mbili, na tofauti hiyo inafaa kueleweka vizuri. Ya hatua moja ina parafujo tu, yaani mhimili wenye bapa zilizojipinda kuuzunguka, unaogusa chini, kuzoa theluji na kuirusha kwa mzunguko huohuo. Ni nyepesi, inafaa theluji kidogo kwenye sakafu ya lami au zege, lakini isipelekwe kwenye kokoto kwa sababu itazoa mawe na kuyarusha. Ya hatua mbili ina parafujo ya chuma inayozunguka polepole na kuleta theluji katikati, kisha nyuma yake, ndani kabisa, kuna feni yenye kasi kubwa inayoichapa theluji na kuipandisha bombani. Feni hiyo huioni ukiwa umesimama kwenye vishikio. Sehemu kubwa ya hatari ya mashine hii imejificha hapo.

Kila mwaka Marekani peke yake maelfu ya watu hufikishwa hospitalini kwa sababu ya mashine hizi, na jeraha linalojulikana zaidi ni la vidole na mkono. Mambo huenda hivi. Theluji ni nzito na ina maji, baridi haijashuka sana chini ya nyuzi 0, na bomba linaziba. Mtu anaacha vishikio, anazunguka mbele, anaona parafujo imetulia, anaingiza mkono kuchomoa bonge la theluji. Lakini parafujo ikitulia si lazima feni nayo iwe imetulia. Kama pini za parafujo, yaani vijiti vidogo vya chuma vinavyoifunga kwenye shafti inayoizungusha, zimekatika, injini ikiwaka na kishikio cha parafujo kikiwa kimeshikwa au kimefungwa, parafujo itasimama huku feni nyuma yake ikiendelea kukata hewa.

Hata injini ikizimwa, jambo bado halijaisha. Feni inapokwama ghafla, mkanda unaoizungusha unakuwa umevutika, na mvuto huo unaweza kubaki umefungiwa ndani na lile bonge la theluji. Ukiling'oa, feni inaweza kufyatuka na kujizungusha kidogo. Robo ya mzunguko inatosha kukata kidole. Glavu nene hazikingi chochote hapo. Zinaweza hata kunaswa na kuuvuta mkono ndani.

Kwa hiyo bomba likiziba, achia vishikio vyote viwili, zima injini, toa ufunguo, kisha subiri mpaka uhakikishe kwa macho kwamba hakuna kinachozunguka. Chukua kijiti cha kusafishia, ambacho mashine nyingi huja nacho kikiwa kimebanwa juu ya kasha la parafujo, na kama kimepotea tumia ufito imara wa mbao. Simama pembeni usukume bonge kwa kijiti. Mkono usiingie bombani wala kwenye kasha, hata kwa sekunde moja, hata kama umeona kila kitu kimetulia. Nasisitiza hili kuliko jambo lingine lolote katika maelezo haya.

Vishikio navyo vina maana yake. Kimoja huendesha magurudumu, kingine huzungusha parafujo na feni. Ukikiachia cha parafujo, vifaa hivyo hukatiwa nguvu na kusimama baada ya sekunde chache. Wapo wanaokifunga kwa kamba au mpira ili mkono usichoke. Anayefanya hivyo ameondoa kinga pekee inayofanya kazi hata pale mtu anapoteleza na kuanguka, na juu ya barafu kuteleza ni jambo la kutarajiwa.

Kuziba kwenyewe kunaweza kupunguzwa. Theluji yenye maji ishambulie mapema kabla haijashindiliwa, ukiweka injini kwenye kasi yake kamili na kuchukua upana mdogo kila unapopita, maana kasi ya feni ndiyo inayolisafisha bomba. Nyunyiza mafuta ya silikoni ndani ya bomba kabla ya kuanza. Na kama mashine imelala kwenye chumba chenye joto, itoe nje ipoe kwanza. Theluji ikigusa chuma chenye joto huyeyuka, kisha huganda na kung'ang'ania.

Kabla theluji haijaanguka, pita eneo lako uondoe zulia la mlangoni, nyaya, mnyororo wa mbwa, vijiti na mawe. Theluji ikishavifunika hutaviona tena, na mashine itavikuta kabla yako. Bomba lisielekezwe kwa watu, madirisha wala magari, na watoto wawe ndani, kwa sababu kipande cha barafu kinachotoka hapo kina nguvu ya jiwe lililorushwa. Skafu ndefu na kamba za koti zinazoning'inia ziache nyumbani, vaa viatu vyenye soli ya kushika na vizuia kelele masikioni. Kwenye mteremko nenda kwa kupanda na kushuka, usikate kwa ubavu, na mteremko mkali uachie sepeto.

Petroli inadai heshima ya aina yake. Jaza tangi nje, injini ikiwa baridi, na uache nafasi kidogo juu kwa ajili ya kutanuka. Ikikuishia katikati ya kazi, ngoja injini ipoe kabla ya kumimina nyingine. Usiiwashe mashine ndani ya gereji ili ipate joto, hata mlango ukiwa wazi. Moshi wa ekzosi una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kumlevya mtu na kumuua kabla hajagundua kwamba kuna tatizo. Isukume nje kwanza, ndipo uvute kamba ya kuwashia. Kama stata yako ni ya umeme wa ukutani, kumbuka kuchomoa waya ukutani mara injini inapowaka.

Matunzo ya msimu si mengi. Pima oili kila mara kabla ya kuwasha. Injini nyingi ndogo za baridi hutumia oili ya daraja la 5W-30, lakini neno la mwisho ni la kitabu cha mashine yako. Angalia vile viatu vya chuma vya pembeni vinavyobeba kasha: kwenye sakafu laini ukingo wa chini uwe juu kwa takriban milimita 3, na kwa mashine ya hatua mbili kwenye kokoto upandishe hadi kama sentimita 3. Ukimaliza kazi, iache mashine izungushe parafujo na feni dakika moja au mbili bila theluji, ili unyevu utoke usije ukaganda ndani.

Msimu ukiisha, adui mkubwa ni petroli iliyolala. Baada ya takriban siku 30 huanza kuchacha na kuacha utando unaonata, na tundu dogo la kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, likizibwa na utando huo mashine haitawaka baridi ikirudi. Ama weka dawa ya kuhifadhi kwenye petroli mpya na uwashe injini dakika kadhaa ifike kwenye kabureta, ama toa petroli yote kwenye tangi na uache injini iwake mpaka ijizimie. Petroli yenye ethanoli zaidi ya asilimia 10 usiiweke kabisa.

Halafu kuna pini za parafujo. Zimetengenezwa laini makusudi: parafujo ikigonga jiwe, pini inakatika na kuiokoa giaboksi, kazi ileile ya fyuzi. Anayeweka bolti ngumu mahali pake ili isikatike tena anabadilisha pini ya bei ndogo kwa giaboksi nzima. Lakini pini haiwezi kufanya kazi kama kutu imeigandisha parafujo kwenye shafti. Kwa hiyo mwisho wa msimu, chomoa waya wa plagi ya cheche ya injini, toa pini zote, kisha jaribu kuizungusha kila parafujo kwa mkono juu ya shafti yake. Hapa mkono unaruhusiwa, kwa sababu injini haiwezi kuwaka na mkanda hauna mzigo. Ikizunguka kivyake, pampu grisi kwenye vitundu vyake, izungushe tena ienee, rudisha pini. Ikigoma, mwagia mafuta ya kulegeza kutu na uirudie kesho yake. Na ikizidi kugoma, ipeleke kwa fundi kabla theluji haijarudi.